Kuunda senario huria katika mchezo wa kuendesha treni: treni zimesimama, ishara nyekundu, na vijana wamechoka

Mlezi wa Barani, Malindi, ameuliza:

Assalaam aleikum wanajukwaa. Nina chumba kidogo cha kompyuta hapa Barani ambamo vijana wa mtaa huja baada ya sala ya alasiri kujifunza na, wakishamaliza kazi zao, kucheza. Kati ya michezo yote iliyomo, uliowateka zaidi ni ule wa kuendesha treni, jambo linalowashangaza wazazi wao kwa kuwa mji wetu hauna reli, na treni iliyo karibu nasi iko Mombasa, mwendo wa kilomita 120 hivi kwa barabara. Kompyuta moja ina nguvu ya kutosha na ndiyo tunayoitumia kwa Train Simulator Classic. Nyingine ni kuukuu, na nitazizungumzia mwishoni.

Senario, yaani safari zilizopangwa tayari, zinazokuja na mchezo wenyewe ni nzuri, lakini zimejaa amri: ondoka saa hii, simama kwenye jukwaa lile, ukichelewa unakatwa alama. Kijana akishaimaliza senario mara moja hana tena hamu ya kuirudia, kwa sababu anajua kila kitakachotokea. Kwa hiyo nimekusudia kuwaundia senario huria, yaani stesheni na yadi yenye vichwa vya treni kadhaa na mabehewa ya namna mbalimbali, ambapo mchezaji atachagua kichwa akitakacho, aunge mabehewa ayatakayo na aelekee atakako, pasipo ratiba wala alama. Katika menyu ya kuundia nimechagua aina iitwayo Free Roam, nikapanga treni zangu, na senario inafunguka bila hitilafu. Yanayonisumbua ni haya.

Kwanza, treni zote ambazo mchezaji hakuzichagua zimekaa kimya pale nilipoziweka. Hakuna inayopita, hakuna inayofika, na stesheni imekuwa kama picha ya ukutani. Pili, ishara ya kutokea yadini inaonyesha taa nyekundu muda wote, hata pale ambapo naona kwa macho yangu kwamba reli ya mbele iko wazi. Tatu, na hili ndilo kubwa, sijui nipange nini na kwa mtindo gani ili uhuru huo uwe na utamu. Njia zote za yadi zina mabehewa kutoka mwanzo hadi mwisho, na bado vijana huzunguka na kichwa kimoja kwa muda mfupi kisha wanarudi kwenye mchezo wa mpira.

Mwenye ujuzi anisaidie, na ikiwa kuna njia ya kuzitumia zile kompyuta kuukuu kwa kazi hiihii, nitashukuru zaidi.

---

Mkaazi wa Langoni, Lamu, amejibu:

Waaleikum salaam, ndugu yangu wa Malindi. Nikuanzie na lile la kwanza, kwa kuwa halitokani na kosa lolote katika upangaji wako bali na aina ya senario uliyoichagua. Free Roam katika Train Simulator Classic imeundwa ili mchezaji aweze kuruka kutoka kichwa kimoja hadi kingine na kukiendesha chochote kilichopo, na ndiyo maana vichwa hivyo havipewi madereva wa kompyuta. Mahali ambapo hakuna dereva hakuna safari, na treni ambayo hukuipanda itabaki palepale hadi uipande. Ukitaka treni zinazopita zenyewe, huna budi kutumia senario ya kawaida, ambayo ndani yake kila treni hupewa dereva, saa ya kuanza na mahali pa kuishia, kisha msimamizi wa reli wa mchezo hukokotoa njia za wote kabla hata hujabonyeza kitufe cha kuanza.

Hapo sasa lazima uchague unachokipenda zaidi, kwa sababu kila upande una bei yake. Senario ya kawaida itakupa stesheni iliyo hai, lakini treni ya mchezaji nayo inaingizwa katika hesabu za msimamizi, na vijana wakiacha mabehewa juu ya reli ambayo treni nyingine imepangiwa kupita, ile treni itasimama na kusubiri, na nyuma yake itasimama nyingine, mpaka reli yote izibe. Free Roam haina msongamano wa namna hiyo, na uhuru wake ni wa kweli.

Mimi nimezoea kuziunda mbili kwa stesheni ileile. Ya kwanza ni Free Roam ya yadini, kwa ajili ya kupanga na kupangua mabehewa. Ya pili ni ya kawaida, ambayo ndani yake mchezaji ana treni moja na agizo moja tu, nalo ni kufika stesheni ya mbali, wakati treni za kompyuta zinapishana naye njiani; sipangi kituo cha kati wala saa ya kufika, kwa hiyo mchezaji anaona uhai wa reli bila kusumbuliwa na alama. Kama njia unayoitumia ina milango ya mipakani, yaani zile sehemu ambapo treni huingia na kutoka nje ya ramani, itumie bila kusita, kwa sababu treni inayotokea huko na kuishia huko haikuhitaji uitafutie mahali pa kulala.

Ukitaka pia kuokoa muda, usianze na ukurasa mtupu. Chagua senario iliyokuja na njia hiyo, itolee nakala kwa kitufe kilichopo kwenye menyu ya kuundia, kisha uifanyie marekebisho nakala hiyo. Waundaji wameshahangaika na mahali pa kuweka treni, na utajifunza mengi kwa kuangalia jinsi walivyompangia kila dereva safari yake. Ukikosa kuona mabehewa unayoyamiliki katika orodha ya vitu, fungua kichujio cha vitu kilicho pembeni na uwekee alama mtengenezaji na bidhaa husika, kwani kwa kawaida kihariri, yaani sehemu ya mchezo ya kuundia senario, huonyesha vile tu vilivyokuja na njia yenyewe.

---

Mstaafu wa Reli, Maweni, amejibu:

Mwanangu wa Barani, nimesoma swali lako la tatu na nimecheka kidogo, maana ni swali ambalo hata wasimamizi wa yadi za kweli hulikabili kila asubuhi. Sichezi mchezo huo mimi mwenyewe. Mjukuu wangu ndiye anayeucheza, nami hukaa pembeni nikimkosoa. Hata hivyo reli ni reli, na yale niliyoyaona kazini yanafaa humo humo.

Umesema njia zote za yadi zina mabehewa kutoka mwanzo hadi mwisho. Basi ugonjwa wako ndio huo. Yadi haifanyi kazi kwa mabehewa iliyonayo, inafanya kazi kwa nafasi iliyobaki. Ili ulitoe behewa lililo katikati ya msururu, lazima uwe na mahali pa kuyaweka yale yaliyo mbele yake, na kama hapapo, kazi imekwisha kabla ya kuanza. Acha njia moja tupu kabisa, nyingine uijaze nusu, na zilizobaki usizifikishe mwisho. Pia hakikisha kwamba upande wa kichwa kuna kipande cha reli kinachotosha kichwa chenyewe pamoja na mabehewa machache, ili dereva aweze kuvuta nje, pointi (pale reli inapogawanyika) igeuzwe, kisha arudi nyuma katika njia nyingine. Kipande hicho kikiwa kifupi mno hata yadi kubwa hugeuka gereza.

Jambo la pili ni kichwa kuzunguka. Treni ikiingia stesheni ya mwisho, kichwa kiko mbele na ukuta uko mbele ya kichwa. Kitatokaje? Kinajitenga, kinasogea, pointi inageuzwa, kinapita kwenye njia ya kando hadi upande wa pili wa mabehewa, kinaunga tena, ndipo safari ya kurudi inaanza. Kwa hiyo ipime njia hiyo ya kando kabla ya kuamua urefu wa treni zako. Nimemwona mjukuu wangu akiunga mabehewa mengi kwa fahari, akafika mwisho wa reli, akakuta mkia wa treni umeziba ile pointi ambayo kichwa kilihitaji kupitia. Akabaki kuitazama skrini.

Kuhusu safari ndefu, chukua mfano wa reli yetu ya SGR kati ya Mombasa na Nairobi, iliyofunguliwa kwa abiria tarehe 31 Mei 2017. Sehemu kubwa ya reli hiyo ni njia moja, na treni hupishana kwenye stesheni zenye njia za kando. Treni ya abiria hufika mwendo wa kilomita 120 kwa saa, ya mizigo kilomita 80. Mpe kijana treni ya mizigo kutoka upande wa Mombasa, huku akijua kwamba nyuma yake kuna treni ya abiria yenye haraka, naye aamue mwenyewe atampisha wapi: Mariakani, Miasenyi au asukume hadi Voi? Akijitia pembeni mapema mno, anapoteza muda wake. Akichelewa, abiria wanamsubiri. Hakuna aliyempa amri, lakini ana jambo la kufikiria njia nzima. Huhitaji ramani ya Kenya kwa hilo. Njia yoyote yenye reli moja na stesheni za kupishania itafaa, kisha vijana waziite stesheni hizo majina wayatakayo.

Na ukipenda mizigo yenye maana, kumbuka tawi la reli ya zamani linaloachana na njia kuu pale Konza na kuteremka hadi Magadi kuchukua magadi ya kiwandani. Mabehewa matupu yanashuka, yaliyojaa yanapanda. Kupanda na mzigo kunataka subira, na kuteremka kunataka breki, na dereva asiyejua tofauti hiyo atafundishwa na kilima chenyewe. Weka mabehewa matupu upande mmoja wa ramani na yaliyojaa upande wa pili, usiseme neno lolote, uone kama vijana hawatayabadilishana wenyewe.

---

Binti Shela, Lamu, amejibu:

Shikamoo Mzee wa Maweni, umenirahisishia kazi, kwa kuwa nilitaka kuanzia palepale kwenye nafasi tupu.

Kwako Mlezi, nakushauri senario yako ya kwanza iwe ndogo sana, ndogo kuliko unavyofikiri inafaa. Wapenzi wa reli za mfano huko Uingereza wana kitendawili maarufu kiitwacho Inglenook Sidings, kilichobuniwa na Alan Wright, na nimekijenga ndani ya mchezo kwa kutumia kona moja tu ya stesheni. Kuna njia tatu za kuegesha: moja inatosha mabehewa 5, na mbili zilizobaki zinatosha mabehewa 3 kila moja. Kipande cha kuvutia nje kinatosha kichwa na mabehewa 3. Mabehewa yote ni 8, kila moja la aina yake au lenye namba yake, na kazi ni kuunda treni ya mabehewa 5 kwa mpangilio uliopigiwa kura, ikae kwenye ile njia ndefu. Ukifanya hesabu, mipangilio ya mabehewa 5 kutoka katika 8 ni 6,720, kwa hiyo vijana wako hawatakutana na fumbo lilelile kwa urahisi.

Hapa Shela tunapiga kura kwa vipande vya karatasi ndani ya kikombe cha kahawa. Kila karatasi ina jina la behewa: la tangi, la makaa, la ng'ombe, la saruji, na kadhalika. Mmoja anachomoa tano, anazipanga mbele ya kibodi kwa mfuatano aliozichomoa, na mwenye zamu anaanza. Wanaosubiri hawakai kimya hata kidogo. Kila mmoja ana rai yake kuhusu behewa la kutoa kwanza, na mara nyingi anayeshauri kwa sauti kubwa ndiye anayekwama zamu yake ikifika. Mchezo wenyewe haujui kama kuna kitendawili. Kwake yeye hiyo ni Free Roam yenye kichwa kimoja na mabehewa manane, na kanuni zote ziko juu ya meza.

Ukiwa ndani ya kihariri, bonyeza mara mbili juu ya behewa ili kufungua sifa zake, na hapo unaweza kulibadilishia namba. Mimi hupendelea kutofautisha kwa aina badala ya namba, kwa sababu namba hazisomeki vizuri kutoka kwenye chumba cha dereva na vijana huishia kutoka nje kila dakika kuzitazama.

Kuhusu senario kubwa, nina rai inayotofautiana kidogo na ya Mkaazi wa Langoni. Sioni haja ya kuwahangaikia madereva wa kompyuta. Mchezaji wa senario huria hachoki kwa sababu hakuna treni zinazopita; anachoka kwa sababu hakuna kitu kinachomwita. Sambaza vitu kwenye ramani kana kwamba watu wa reli wamekwenda kula chakula cha mchana na watarudi: behewa moja la abiria limeachwa peke yake kwenye stesheni ndogo, kichwa cha mvuke kiko karibu na bomba la maji, mabehewa mawili ya makaa yako upande usio wake. Kijana akiliona lile behewa la peke yake atataka kulirudisha kwa wenzake, na safari tayari imepatikana.

Usisahau saa na hali ya hewa. Senario ikianza saa kumi na moja alfajiri, mchezaji ataona mapambazuko akiwa kazini. Ikianza alasiri, atajikuta anapanga mabehewa gizani na taa zitakuwa na maana. Hilo hubadilisha ladha ya yadi ileile bila wewe kusogeza behewa hata moja, kwa hiyo unaweza kutoa nakala ya senario moja na kuibadilisha saa tu.

---

Mkaazi wa Langoni, Lamu, amejibu:

Dada Binti Shela, kwa yadi nakubaliana nawe kabisa. Kwa reli kuu bado nasimama nilipokuwa: kijana akiendesha treni kwa saa nzima asikutane na treni nyingine hata moja, anajua kwamba dunia hiyo ni tupu, na hakuna behewa lililoachwa pembeni litakalomwondolea hisia hiyo. Labda tofauti yetu ni kwamba wewe unapenda kusukuma mabehewa nami napenda kusafiri.

---

Fundi wa Mokowe amejibu:

Salaam kwa wote. Mimi nitajibu kuhusu zile kompyuta kuukuu ambazo hakuna aliyezigusa.

Zisikutie huzuni. Iko programu ya Open Rails, ambayo hutolewa bure na kutengenezwa na wapenzi wa reli kwa kujitolea. Inasoma njia na treni zilizoundwa kwa mtindo wa Microsoft Train Simulator, mchezo uliotoka mwaka 2001, na haidai kwamba mchezo huo wa zamani uwepo kwenye kompyuta yako, mradi njia uliyoipakua iwe na faili zake zote. Kwa kuwa sehemu kubwa ya njia hizo ziliundwa kwa ajili ya kompyuta za enzi hizo, nyingi huenda vizuri kwenye mashine ambazo Train Simulator Classic ingezilemea.

Uchezaji huria katika Open Rails hauhitaji hata kihariri. Kwenye dirisha la kwanza unachagua njia, kisha badala ya kuchagua kazi iliyopangwa unachagua kuitembelea njia, halafu unaamua kichwa na mabehewa yake, mahali pa kuanzia, mwelekeo, saa, majira ya mwaka na hali ya hewa. Ukishaingia, kitufe cha G hugeuza pointi iliyo mbele yako, na Shift pamoja na G hugeuza iliyo nyuma. F9 hufungua dirisha la treni nzima ambamo unaweza kutenganisha behewa ulitakalo, na Ctrl pamoja na 9 hukuletea ramani ya msimamizi. Kasoro yake ni kwamba katika hali hiyo uko peke yako relini, na hakuna mabehewa yaliyoegeshwa ya kuunga.

Ukitaka mabehewa yaliyoegeshwa na treni nyingine, itabidi uunde kazi, na kwa hilo kuna kihariri cha bure kiitwacho TSRE5. Ndani yake unaichorea treni ya mchezaji njia ndefu, unaegesha misururu ya mabehewa kwenye njia za kando, unaongeza treni za kompyuta, na huandiki jukumu lolote. Mchezaji akitaka kuacha njia aliyochorewa ili aingie yadini, asimamishe treni kabisa kisha abonyeze Ctrl na M, na hapo atakabidhiwa pointi azigeuze mwenyewe. Kabla ya kusimama, programu haitamruhusu. Jambo jingine ambalo wengi hawalifahamu ni kwamba Alt pamoja na F9 huleta orodha ya treni zilizopo, na kutoka humo unaweza kuhamia treni iliyokuwa ikiendeshwa na kompyuta na kuishika wewe. Hapo Mkaazi na Binti Shela wote wawili wamepata walichokuwa wanagombania.

Iko pia hali ya ratiba, ambayo huandikwa kwenye jedwali la kawaida: kila safu wima ni treni, kila mstari ni stesheni, na katika visanduku unaandika saa. Mchezaji huchagua treni yoyote katika jedwali na zilizobaki zinaendeshwa na kompyuta. Si uchezaji huria kwa maana kamili, lakini kijana anayependa hesabu atalifurahia jedwali kuliko hata mchezo wenyewe.

Nisiache kuitaja Trainz, ambayo asili yake ni Australia. Ndani yake senario hukaa kama tabaka juu ya njia, kwa hiyo unachokibadilisha katika senario hakiiharibu njia, na viwanda vyake hufanya kazi: mgodi unatoa makaa, kituo cha umeme kinayapokea. Vilevile unaweza kumpa dereva wa kompyuta maagizo mafupi papo hapo, kama vile aende kituo fulani, aunge mabehewa fulani, kisha asubiri. Kwa mtu anayetaka mizigo iwe na sababu ya kusafiri, sijaona inayoipita.

---

Mlezi wa Barani, Malindi, ameandika tena:

Nimewashukuru sana. Mzee wa Maweni, shikamoo, nimeondoa zaidi ya nusu ya mabehewa na tofauti imeonekana siku hiyohiyo; vijana wamegundua wenyewe hila ya kuacha mabehewa mawili kwenye njia tupu na kuyarudia baadaye, na hakuna aliyewafundisha. Kitendawili cha Binti Shela nimekijenga, ila kikombe chetu ni cha chai.

Limebaki lile la ishara nyekundu. Kutoka yadini kwenda njia kuu ishara haibadiliki, na vijana wameanza kuzoea kuipita kana kwamba haipo, jambo ambalo sitaki liwe tabia. Je, kihariri kina mahali pa kuiwasha taa ya kijani? Na nikishaimaliza senario, nitaihamishaje hadi kompyuta ya rafiki yangu aliyeko Ngala?

---

Mkaazi wa Langoni, Lamu, amejibu:

Hakuna mahali pa kuiwasha taa, na ni vizuri kwamba hapapo. Ishara katika Train Simulator Classic husoma mambo mawili: pointi zilizo mbele yake zimeelekezwa wapi, na kama kipande cha reli kinachofuata kina kitu juu yake. Katika Free Roam hakuna msimamizi anayekupangia njia, kwa hiyo pointi hubaki kama zilivyokuwa hadi wewe uzigeuze. Fungua ramani ya juu kwa kitufe cha 9, ufuate reli kutoka yadini hadi ishara inayofuata kwenye njia kuu, na uhakikishe kwamba kila pointi katikati yake imeelekezwa kwa safari yako. Mara nyingi huwa ni moja tu iliyosahauliwa, na huwa ile ya mbali ambayo haionekani kutoka kwenye chumba cha dereva.

Pointi zikiwa sawa na taa bado ni nyekundu, tafuta gurudumu. Behewa ambalo mkia wake umevuka ishara au umekaa juu ya pointi huhesabiwa kuwa limo katika kipande cha mbele, hata kama kwa macho linaonekana limeegeshwa vizuri. Wewe ulikuwa umejaza njia hadi mwisho, kwa hiyo sitashangaa ukikuta behewa la mwisho la msururu fulani limechungulia nje. Lisogeze nyuma ndani ya kihariri, si wakati wa kucheza, ili kila anayeifungua senario aanze na reli safi.

Kuna pia yadi ambazo ishara zake hazikuundwa kwa ajili ya kutoka upande huo. Hapo ndipo kitufe cha Tab kinapohitajika: treni ikiwa imesimama mbele ya ishara, kukibonyeza ni kuomba ruhusa ya kuipita, na Ctrl pamoja na Tab ni kuomba kwa ishara iliyo nyuma yako. Wafundishe vijana kwamba ishara nyekundu haipitwi bila kuomba, na ruhusa ikikataliwa wasubiri au wakague pointi.

Kuhusu kumpelekea rafiki yako wa Ngala, njia rahisi ni kuipandisha kwenye Steam Workshop, mahali mtandaoni ambapo wachezaji hupeana kazi zao, kutoka ndani ya mchezo, naye ajiandikishe kuipokea. Ila senario haibebi treni zake. Inabeba tu maelezo ya kitu gani kimewekwa wapi. Kama rafiki yako hana njia ileile na mabehewa yaleyale, senario haitafunguka, au itafunguka ikiwa na mapengo. Kwa hiyo kabla ya kuunda, muulize anamiliki nini, na ukiweza tumia vile tu vilivyokuja na njia yenyewe. Na kwa kuwa umeme wetu wa Pwani tunaujua, bonyeza F2 kuhifadhi kila unapomaliza kupanga njia moja ya yadi.

---

Mstaafu wa Reli, Maweni, amejibu:

Hilo la kuomba ruhusa kwanza nimelipenda. Mwambie kijana atakayepita nyekundu bila kuomba apoteze zamu yake, na zamu hiyo apewe aliyemwona.